Kopo, Ng'ombe na Bakuli: Utangulizi wa Elimu ya Ulishaji wa Watoto Kibondo na Kasulu

Kama ndiyo kwanza umepangiwa zahanati Kibondo au kituo cha afya Kasulu, hutakaa sana kabla mama hajakuuliza: "Nesi, mtoto ametimiza mwaka. Niache kumnunulia kopo, nimpe maziwa ya ng'ombe?" Jibu lake ni fupi. Ndiyo, mama. Mtoto aliyekuwa akilelewa kwa maziwa ya kopo, akitimiza miezi 12, anaweza kuhamia maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na yasiyoondolewa mafuta. Apewe kwa kikombe, yasizidi nusu lita kwa siku, huku akila chakula cha familia. Maziwa ya kopo yanayouzwa kwa ajili ya watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hayahitaji.

Ukiishia hapo utakuwa umemjibu mama mmoja. Nyuma yake kwenye benchi yupo bibi aliyeachiwa mjukuu wa miezi 4 baada ya mama kufariki, na kopo limekwisha jana. Yupo mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kazini baada ya siku zake 84 za likizo ya uzazi, na dada wa kazi anampa mtoto maziwa yanayonunuliwa kwa jirani. Yupo mama ambaye mtoto wake wa mwaka na nusu anakunywa lita nzima kwa siku, hataki ugali wala ndizi, na viganja vyake vimepauka. Yupo mwingine anayenyonyesha vizuri tu, ila mama mkwe kamwambia mtoto hatanenepa bila ng'ombe. Wote wameuliza "lini". Elimu hii ipo kwa sababu kila mmoja wao anahitaji jibu lake, na fundisho lake kuu ni hili: maziwa hayaulizwi peke yake. Uliza yanachukua nafasi ya nini, na bakuli la mtoto lina nini kingine.

Nchi yenyewe

Kibondo na Kasulu ni nchi ya Waha, nchi ya vilima na mabonde iliyopakana na Burundi upande mmoja na kushuka kwenye maeneo oevu ya Malagarasi na Moyowosi upande wa pili. Mvua huanza miezi ya mwisho ya mwaka na kwenda hadi Aprili au Mei. Majira hayo akina mama huwa shambani tangu alfajiri, na mtoto aliyekwisha kuanza kula hubaki na bibi au dada yake. Watu wanalima mahindi, maharage, muhogo na ndizi. Kutoka upande wa Ziwa Tanganyika hupanda dagaa na mawese. Orodha hiyo inatia moyo. Maharage na dagaa vina protini na madini ya chuma, na mawese mekundu ni chanzo kizuri cha vitamini A. Kazi iliyopo ni kuvifikisha kwenye tumbo dogo la mtoto wa miezi 8, ambaye mara nyingi hukorogewa uji mwembamba wa unga mtupu na kuishia hapo.

Ng'ombe naye ana historia yake hapa. Chini ya desturi ya ubugabire, mwenye ng'ombe alimkabidhi mwenzake mnyama, na aliyepokea akalipa kwa utumishi na utiifu. Ng'ombe alifunga uhusiano wa mkubwa na mdogo kabla hajahesabiwa kuwa ni chakula. Siku hizi mambo yamebadilika, lakini maziwa bado hayajagawanyika sawa: kaya moja inakamua uani, ya pili inanunua kikombe kimoja kimoja, ya tatu inayaona sikukuu. Ukimshauri mama ampe mtoto maziwa ya ng'ombe, jua kwanza unazungumza na kaya ipi kati ya hizo.

Liko pia jambo la malaria. Katika uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017, Kigoma, mkoa wenye wilaya hizi mbili, iliongoza mikoa yote: takribani mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Na nchini kote, uchunguzi wa afya na demografia wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Mtoto wa nyanda hizi anaingia kwenye suala la maziwa akiwa tayari na deni la damu. Kila shauri utakalotoa lipime kwa deni hilo.

Mwisho, hii ni nchi ya kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi. Kambini watoto wa miezi 6 hadi 23 wamekuwa wakigawiwa unga wa nafaka na soya uliotiwa maziwa ya unga, nao hukorogwa uji. Maziwa ya kopo hayagawiwi kiholela kambini. Mtoto mmoja mmoja hupimwa na kufuatiliwa kabla hajaandikiwa. Sababu utaiona kwenye hesabu ya kopo, hapo chini.

Kwa nini miezi 12

Tuanze na chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito mzuri huja na akiba inayomtosha miezi 4 hadi 6. Baada ya hapo lazima ale. Vipimo vinavyotumika Marekani vinataka mtoto wa miezi 7 hadi 12 apate miligramu 11 za chuma kwa siku. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina nusu miligramu hivi. Piga hesabu ya mtoto wa miezi 9 anayeshibishwa kwa lita hiyo: amepata nusu, amekosa kumi na ushee, na tumboni hakuna tena nafasi ya maharage. Juu ya hayo, kalsiamu na protini za maziwa hayo huzuia mwili kufyonza chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kingine. Maziwa ya mama nayo yana chuma kidogo, ila hufyonzwa vizuri zaidi. Hata hivyo anayenyonya anaanzishiwa chakula cha nyongeza akitimiza miezi 6. Maziwa ya kopo yameongezewa chuma kiwandani, na hapo ndipo yanapomzidi ng'ombe.

La pili ni utumbo. Baadhi ya watoto wa chini ya mwaka wakinywa maziwa ya ng'ombe ya kawaida hupoteza damu kidogo kidogo kwa njia ya choo, na macho hayaioni. Tabia hiyo hupungua mtoto anapokaribia mwaka.

La tatu ni figo. Mililita 100 za maziwa ya mama zina gramu 1 hivi ya protini. Za ng'ombe zina gramu 3 na zaidi, pamoja na chumvi nyingi. Mabaki yake hutolewa na figo, na figo hazitoi kitu bila maji. Mtoto mzima anaweza kuhimili. Mwenye homa au anayeharisha hukauka upesi. Wengine husema basi yaongezwe maji: mzigo wa figo utapungua kweli, lakini na nguvu anayoipata mtoto itapungua vilevile.

Ikifika miezi 12, figo zimekomaa zaidi, utumbo umetulia, na mtoto anaweza kula karibu kila kinacholiwa nyumbani. Kutoka hapo maziwa yanashuka cheo: yalikuwa mlo, sasa ni sehemu ya mlo. Ndiyo maana kuvuka mwaka hakumpi mtu ruhusa ya lita nzima. Yule wa benchini mwenye viganja vilivyopauka amevuka umri, ila bakuli lake halikuvuka naye. Apimwe damu na malaria, maziwa yapunguzwe, na chakula kitangulie kikombe.

Mama akihofia kwamba mtoto "atakataliwa" na maziwa ya ng'ombe, mkumbushe kuwa unga mwingi wa kopo umetengenezwa kwa maziwa hayo hayo ya ng'ombe, yakapunguzwa protini na kuongezewa mafuta, vitamini na madini. Aliyeyavumilia ya kopo ni nadra kushindwa na ya ng'ombe. Kuna pia watu wazima wanaoharishwa na maziwa, wakadhani watoto wao watakuwa vivyo hivyo. Karibu kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa; ni baada ya kuacha kunyonya ndipo uwezo huo hufifia kwa baadhi ya watu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo watafiti wa Tanzania, walionyesha kwamba jamii za Afrika Mashariki zenye asili ya ufugaji zina mabadiliko yao wenyewe ya kinasaba yanayouhifadhi uwezo huo, tofauti na yale ya Ulaya.

Hesabu ya kopo

Mtoto anayelelewa kwa kopo pekee hutumia takribani kilo 20 za unga katika miezi 6 ya kwanza. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400. Mweke mkulima wa maharage mbele ya hesabu hiyo na utaelewa kinachofuata: vijiko vinapunguzwa, maji yanaongezwa, kopo la siku tatu linavutwa wiki nzima. Kwa macho maziwa bado ni meupe. Mizani ya kliniki ndiyo itakayosema.

Maji nayo yana sheria yake. Unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, hivyo Shirika la Afya Duniani linataka ukorogwe kwa maji yaliyochemka, yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha maziwa yapozwe na kunywewa. Kila mlo ukorogwe upya. Kwenye nyumba ya jiko la mafiga, maziwa ya saa nane usiku yanadai kuni za saa nane usiku. Botswana iliona gharama ya jambo hili. Ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilipochafua maji, kuhara kuliwaua watoto wengi, na waliolazwa karibu wote hawakuwa wakinyonyeshwa. Leo ushauri kwa mama mwenye virusi aliye kwenye dawa ni anyonyeshe: maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na chakula, huku akizingatia dawa zake.

Duka la kijijini linaongeza utata mwingine. Kopo la maziwa ya unga ya kawaida, yale ya chai, mara nyingi hukaa rafu moja na maziwa ya watoto wachanga. Yale ya chai ni maziwa ya ng'ombe yaliyokaushwa basi, na matatizo yake yote yamo humo. Mama akikuambia anampa "ya kopo", mwombe alilete kopo lenyewe ulisome. Tangu 1994 Tanzania imekuwa na kanuni za kusimamia uuzaji wa maziwa mbadala, zilizofuata kanuni ya kimataifa ya 1981. Kuyatangaza kwa umma na kuwapa akina mama sampuli za bure kumekatazwa. Bango la kampuni ya maziwa halina nafasi kwenye ukuta wa kliniki yako.

Tulikotoka

Elimu hii ilizaliwa Afrika, wodini. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kubaki na uji wa mahindi: miguu imevimba, ngozi inabambuka, nywele zimepoteza rangi. Ndiyo kwashakoo. Kampala, Hugh Trowell na wenzake hospitali ya Mulago waliuchunguza kwa miaka mingi, na kitabu chao kikatoka 1954. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yaliwaponya watoto wengi wa wodi hizo. Shida ikawa wakirudi nyumbani: maziwa hayakuwepo, na ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo 1965 kikaanzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake akijifunza kumpikia kitobero, mchanganyiko wa vyakula vinavyopatikana nyumbani. Mpaka leo hilo ndilo somo kubwa la fani yetu: tiba ikitegemea kitu ambacho kaya haina, imeahirisha tatizo tu.

Hapa nchini Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973. Watafiti wake, Mosha na baadaye Wilbald Lorri, wakishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, waligeukia mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyafanya. La kwanza ni kimea. Uji mzito wa mahindi ukitiwa kijiko cha unga wa mtama au ulezi uliooteshwa hulainika mbele ya macho yako. Mtoto anaumeza kwa urahisi, na nguvu ya uji imebaki ile ile. La pili ni togwa. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walichapisha utafiti wa kijijini ulioonyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kidogo kuliko wenzao. Ukiwa Kasulu, vitu hivi viwili vina thamani kuliko kopo lolote, kwa kuwa mama anaweza kuvitengeneza kwa nafaka aliyovuna.

Mabishano ya sasa

Usishangae ukiwakuta wataalamu wakivutana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu chakula cha nyongeza unasema mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya anaweza kupewa ama maziwa ya kopo ama ya mnyama, na kuanzia miezi 12 apewe ya mnyama. Huko nyuma, 2005, shirika hilo lilikuwa limeshataja vipimo kwa mtoto asiyenyonya wa miezi 6 hadi 24: mililita 200 hadi 400 kwa siku kama anakula mara kwa mara samaki, nyama au mayai, na 300 hadi 500 kama havipati. Madaktari wa watoto wa Marekani na Uingereza wanashikilia miezi 12 kwa maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu, na wapo wenzao wa Ulaya walioupinga waziwazi mwongozo wa 2023.

Tazama vizuri wanachobishania. Wote wanakubali kuwa maziwa ya ng'ombe hayana chuma cha kutosha, na wote wanakubali kuwa chini ya miezi 6 hayafai. Tofauti iko kwenye kaya wanayoifikiria. Mmoja anafikiria nyumba ambayo kopo lipo na maji ya bomba ni safi. Kwake, kuhama mapema ni kujitafutia upungufu wa damu bila sababu. Mwingine anafikiria nyumba ambayo kopo limetiwa maji mara mbili. Kwake, kikombe cha maziwa halisi yaliyochemshwa, pamoja na dagaa waliotwangwa na uji mzito, ni nafuu kwa mtoto wa miezi 9. Mimi nikiwa Kibondo nasimama hivi: maziwa ya mama kwanza, kila inapowezekana, miezi 12 kuwa kawaida kwa anayelelewa kwa kopo, na kati ya miezi 6 na 12, kama kopo halinunuliki kwa kipimo chake kamili, nakubali maziwa ya ng'ombe kwa sharti la chakula chenye chuma kila siku, na dawa ya nyongeza ya chuma kadiri mganga atakavyoelekeza. Mjukuu wa miezi 4 hayumo katika ruhusa hiyo. Huyo anahitaji kutafutiwa, kwanza, ndugu anayenyonyesha aliyepimwa virusi na yuko tayari. Ikishindikana, rufaa ya hospitali na maafisa ustawi wa jamii ili apate maziwa yake kwa kipimo, akipimwa uzito kila wiki.

Kutoka kwenye ng'ombe hadi kikombeni

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshwe mpaka yapande, yafunikwe, yapozwe, yanywewe siku hiyo hiyo. Anayenunua aulize yamekamuliwa saa ngapi na yamebebwa kwenye chombo gani. Dumu la plastiki lenye shingo nyembamba halioshwi likatakata. Kikombe ni bora kuliko chupa kwa sababu hiyo hiyo, kwani ndani ya chuchu ya chupa hubaki utando wa maziwa ambao mkono haufiki. Kuhama kwenyewe kufanywe taratibu: kikombe kimoja cha kopo kibadilishwe kwa cha ng'ombe, siku mbili tatu baadaye cha pili, mpaka wiki iishe. Na chai ya maziwa, ambayo wengi huihesabu kuwa ni maziwa, si kinywaji cha mtoto huyu. Majani ya chai huzuia chuma, na humo maziwa ni kidogo, sukari ni nyingi.

Namna ya kuingia kazini

Ustadi wa kwanza wa fani hii ni kuuliza bila kumwaibisha mtu. Ukianza na "Kwa nini humnyonyeshi?" umefunga mlango. Anza hivi: "Mama, pole na safari. Hebu niambie, tangu jana asubuhi mpaka leo ulipotoka nyumbani, mtoto amekula nini na nini?" Kisha nyamaza. Atakuambia uji, atakuambia ndizi, atakumbuka maziwa ya jioni, na mwishoni kabisa, ukiwa na subira, atakuambia nani alimlisha. Jibu hilo la mwisho ndilo linaloamua ushauri umwendee nani. Ukimfundisha mama kutwanga dagaa ilhali bibi ndiye mwenye sufuria, umefundisha hewa. Mwambie wiki ijayo aje na bibi, na bibi akifika mwamkie kwanza, umwulize yeye alivyowalea wa kwake.

Ustadi wa pili ni kuhesabu. Jifunze kikombe cha plastiki kinachouzwa sokoni kinachukua mililita ngapi, kijiko cha unga kina gramu ngapi, bei ya maziwa inapandaje kiangazi majani yanapokauka. Maswali haya hayana majibu kwenye vitabu vilivyoandikwa Geneva, na mtafiti atakayeyajibu kwa Kibondo na Kasulu, soko kwa soko na msimu kwa msimu, atakuwa ameisaidia fani kuliko atakayerudia kupima urefu wa watoto ambao tayari tunajua wamedumaa. Hahitaji maabara. Daftari, mizani ya jikoni na ruhusa ya watu vinatosha kuanzia.

Kesho asubuhi, chukua kadi ya mtoto wa kwanza atakayeingia. Soma mstari wa uzito wa miezi mitatu iliyopita kabla hujasema neno lolote kuhusu maziwa. Kama unapanda, mpongeze mama na umwulize anafanyaje, uwafundishe wengine. Kama umelala, umepata pa kuanzia.